Mbwa wa vidole sita, mbwa asiyebweka, na shida ya damu kuwa moja

Watu wakiniuliza kuhusu mbwa wa ajabu ajabu wa duniani huwa wanataka picha tu, yule asiye na manyoya wa Mexico, yule wa milima ya New Guinea anayelia kama anaimba, na picha kweli zinavutia, ila mimi kama daktari wa mifugo kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni hiki: hawa mbwa wametokana na wazazi wangapi? Maana mbegu (yaani aina za mbwa) nyingi adimu zimeanzia kwa mbwa wachache mno, na damu ikishakuwa moja, hata umlishe nini na umchanje vipi, kuna magonjwa anazaliwa nayo.

Nianze na Lundehund wa Norway, huyu nampenda sana. Ni mbwa mdogo, kilo sita saba hivi, ukimwona kwa mbali hana maajabu, shika sasa mguu wake. Mbwa wa kawaida anakanyagia vidole vinne, na cha tano kwenye miguu ya mbele kinaning'inia juu hakina kazi kubwa, lakini Lundehund ana angalau vidole sita kila mguu, na vile vya ziada vina mifupa na misuli yake, anavitumia kweli kung'ang'ania mwamba. Afu miguu ya mbele inafunguka pembeni kama mtu aliyenyoosha mikono, shingo inapinda kwenda nyuma mpaka kichwa kinagusa mgongo, na masikio anaweza kuyakunja yakaziba tundu, uchafu na maji visiingie.

Vyote hivyo ni kwa sababu ya kazi. Kule visiwa vya Lofoten, hasa kisiwa cha Værøy, watu walikuwa wanawinda lunde, ndege wa baharini mwenye mdomo wa rangi rangi anayetaga ndani ya mashimo kwenye majabali. Mbwa anapanda jabali, anaingia kwenye tundu jembamba lenye giza, akikwama anajipinda na kugeuka, anatoka na ndege mdomoni. Nyama inaliwa, manyoya laini yanatumika. Baadaye katika karne ya 19 zikaja nyavu za kunasia hao ndege, ikaja na kodi ya mbwa, kufuga mbwa wengi ikawa hasara, mwisho wakabaki zaidi kwenye kijiji kimoja kilichojitenga hapo Værøy kinaitwa Måstad. Mama mmoja wa mji wa Hamar, Eleanor Christie, akachukua watoto wa mbwa kutoka huko akaanza kuwazalisha bara. Wakati wa vita kuu ya pili distempa, ugonjwa hatari wa virusi wa mbwa, ikaingia kisiwani, chanjo hamna, ikawafyeka, halafu ikafika na kwa mbwa wake huko Hamar. Kufikia 1963 walikuwa wamebaki mbwa 6 tu, na karibu wote ni ndugu.

Lundehund wote unaowaona leo wanatoka kwa hao. Vidole vimebaki, shingo imebaki, ila wamebeba na ugonjwa wa utumbo ambao mishipa ya limfu (inayobeba majimaji ya mwili) inavimba, protini inavuja kwenda kwenye kinyesi, mbwa anaharisha, anakonda, tumbo linajaa maji, na wengine wanakufa nao wakiwa bado na umri mzuri tu. Uzazi nao umekuwa dhaifu, watoto wachache. Miaka ya 2010 Wanorway wakaamua kitu ambacho wapenda mbegu safi wengi hawataki hata kukisikia, kuwachanganya na mbwa wengine wa kaskazini kama Buhund. Na mimi naunga mkono kabisa! Bora mjukuu mwenye masikio tofauti kidogo kuliko kizazi kizima kinachoharisha.

Sasa hapa ndo Basenji anaponigusa, maana huyu ni wa kwetu, wa misitu ya Kongo. Habweki kama mbwa wengine, koo lake limekaa tofauti, anatoa sauti ya kupanda na kushuka, ndo maana wawindaji walimfunga njuga ya mti shingoni ili wajue yuko wapi anapofukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. Jike wake kwa kawaida anapata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi ni mara mbili. Wazungu walimpeleka Uingereza 1895, mbwa hao wakafa kwa distempa, ikabidi wasubiri mpaka miaka ya 1930 ndo wakafanikiwa, na hao wachache wakawa mababu wa karibu Basenji wote wa Ulaya na Marekani.

Mnajua kilichofuata. Ukatokea ugonjwa wa Fanconi, figo zinashindwa kurudisha mwilini vitu kama sukari, mbwa anakunywa maji mno na kukojoa mno. Ukichovya kile kijiti cha kupimia mkojo, sehemu ya sukari inabadilika rangi, unafikiri ni kisukari, ukipima damu sukari iko kawaida kabisa. Hicho kipimo cha damu msikiruke jamani, kuna mbwa anaanzishwa insulini wakati kongosho lake halina shida, shida ni figo.

Tofauti na Lundehund, Basenji alikuwa na pa kurudi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikwenda Zaire (Kongo ya sasa), wakachukua mbwa vijijini wakawaleta kwao, na 1990 daftari la mbegu la Marekani likafunguliwa kuwapokea. Rangi ya michirizi unayoiona kwa Basenji wa sasa iliingia na hao. Na uchunguzi wa vinasaba uliotoka 2009, waliopima mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia, ulikuta Basenji anakaa kundi moja na mbwa wa asili wa Afrika, wakati Pharaoh Hound, ambaye watu humsifia umisri, hakukaa nao. Yaani yule mbwa wa kijijini tunayemrushia mawe na kumwita koko ana damu pana ambayo mbwa wengi wenye vyeti hawana. Mtu akiniletea mbwa wa aina hiyo kliniki simshauri abadilishe mbegu, namwambia achanje tu kichaa cha mbwa na distempa.

Kwa anayetaka kununua Basenji: omba majibu ya kipimo cha DNA cha Fanconi cha baba na mama, kipimo cha moja kwa moja kipo tangu 2011. Mtoto anaumwa akirithi kasoro kwa wazazi wote wawili, kwahiyo mbebaji (aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja tu, mwenyewe haumwi) akipandishwa na aliye safi hakuna mtoto atakayeugua. Msimkatae mbebaji na kumtoa kwenye uzazi kwa sababu ya karatasi hiyo, mkiwatoa wote mnapunguza mababu tena, na kasoro nyingine ambayo bado haina kipimo inapata nafasi. Mtafutieni mwenza aliye safi, na watoto wapimwe kabla hawajapandishwa.