Feni zinazunguka, skrini nyeusi tii: vua kabla ya kununua

Kazi yangu hapa Amu, yaani Lamu, ni kuunga na kutengeneza kompyuta za mezani, na mashine inayoletwa zaidi ni ile ambayo feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini haitoi kitu. Mwenyewe kwa kawaida ameshashauriwa anunue madabodi mpya, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote. Kifaa kikiagizwa Mombasa hupanda basi mpaka Mokowe, kisha boti mpaka gatini. Ukikosea kuagiza, hiyo ni hasara ya wiki nzima. Kwa hiyo nakusihi, vua kwanza: toa kila kisicho lazima.

Chomoa umeme. Toa madabodi nje ya kasha, ilaze juu ya boksi lake la karatasi. Iachie prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda), na pawa saplai, lile boksi la kuleta umeme. Diski zote kando. Kadi ya grafiki nayo kando, isipokuwa prosesa yako haina grafiki ndani yake, kama zile za Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F. Rudisha umeme, kisha gusanisha pini mbili za swichi ya kuwashia, zilizo kwenye madabodi, kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka na kutoa picha hapo nje, tatizo umelikuta kwenye kasha: tafuta kinguzo cha shaba kilichofungwa mahali ambapo madabodi haina tundu la skrubu. Kinagusa mgongo wake na kupiga shoti.

Isipotoa picha, tazama waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 unaoingia karibu nayo, mbali na ule mkubwa wa pini 24. Feni huzunguka hata usipochomekwa, na ndiyo sababu hausahauliwi na wageni wa kazi tu.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa baharini huileta mpaka ndani ya kasha, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Meno ya RAM yamepakwa dhahabu, lakini utando wake ni mwembamba mno. Ukichubuka, chuma cha chini huanza kuliwa, na mguso unakuwa wa kubahatisha. Mafundi wengi husugua kwa raba ya penseli. Siipendi, kwani inakula dhahabu ileile na kuacha makombo tunduni. Pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi vinatosha. Ngoja ikauke, chomeka na uchomoe mara mbili tatu, ndipo ujaribu. Kipande kimoja kikikaa peke yake, madabodi nyingi zenye matundu manne ya RAM hukitaka tundu la pili ukihesabu kutoka kwa prosesa.

Mashine iliyolala chumba chenye AC usiiwashe mara tu ukiitoa barazani. Hewa yetu ya joto hugeuka maji juu ya vyuma baridi. Iache kwanza ipate joto la nje.

Wenye mashine mpya za DDR5, aina mpya ya RAM, nawaomba subira ya pekee. Ikiwashwa mara ya kwanza, inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa ikiipima RAM. Wengi huizima hapo katikati na kuiacha ianze upya.

Bado kimya? Badilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye madabodi, kisha azima pawa saplai nyingine uijaribu. Madabodi naishuku baada ya hapo.