Muhuri wa Ramani na Usalama wa Nyumba
Wengi wanaamini kwamba ramani ya nyumba ikishapigwa muhuri wa halmashauri, usalama wa jengo umethibitishwa. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa mkaguzi wa ramani hufundishwa kusoma michoro na kuilinganisha na kanuni za ujenzi: umbali kutoka mpakani, ukubwa wa madirisha, upana wa ngazi na, kwa ghorofa, michoro ya mhandisi. Hata hivyo, anachokiona ni karatasi. Zege lililozidishiwa maji halionekani humo. Ndiyo maana ukaguzi hufanyika pia kiwanjani, hasa kabla ya kumwaga zege, kwani baadaye nondo hazihesabiki tena. Siku hiyo mwenye nyumba anaweza kushika ramani iliyoidhinishwa, akahesabu nondo za nguzo moja, akapima unene wa nondo hizo na nafasi kati ya ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizungushia na kuzifunga pamoja.