Triliamu: maana ya kusema ua fulani ni la kivulini

Ukiwa Toronto au Ohio ukaambiwa triliamu ni ua la kivulini, usidhani halitaki jua, linalitaka sana tu, ila linalichukua mapema. Winta ikiisha, miti kama mepo (maple) inakuwa bado haijatoa majani, kwa hiyo jua linashuka mpaka chini, na hapo Aprili na Mei ndo triliamu inachomoza, majani matatu, petali tatu nyeupe, inachanua na kujiwekea akiba kwenye shina lake la chini ya ardhi, lile nene kama tangawizi hivi, afu miti ikija kufunga majani huko juu yenyewe kazi kubwa imeshamaliza. Kiangazi kikikolea inanyauka yote. Wengi wanaing'oa hapo wakijua imekufa, jamani iacheni, iko hai chini na mwakani inarudi, si ndo maana tunaiita mmea wa kudumu.

Kwa hiyo kivuli chenyewe kinachotakiwa ni cha msimu. Panda chini ya mti unaopukutisha majani, sio chini ya misonobari wala kwenye kona ya ukuta ambako jua halifiki mwaka mzima. Udongo uwe laini, wenye majani yaliyooza, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Kipande cha shina unakifukia Septemba au Oktoba, kama sentimita 10 chini, na majani yakidondoka usiyafagie yote, hiyo ndo mbolea yake.

Ukianza na mbegu jiandae kusubiri, mara nyingi ni miaka 7 mpaka 10 kabla ya ua la kwanza, maana mbegu inapita winta ya kwanza inatoa mzizi, ya pili ndo jani. Porini wanaozisambaza ni sisimizi, wanafuata kijinofu chenye mafuta kilichoshikana na mbegu. Na petali zikigeuka pinki sio ugonjwa, ua limezeeka tu.

Kitu ninachowaomba sana, msichume. Ile nyeupe ni ua rasmi la Ontario, jimbo la Kanada lenye Toronto, tangu 1937 na watu wanatamani kupeleka nyumbani, lakini ukikata ua na yale majani matatu, mwaka huo haina majani mengine ya kujilishia, inadhoofika na inaweza kufa kabisa. Nunua kwa wanaokuza miche wenyewe, na ukikuta mikubwa, ina maua tayari, afu bei chee, uliza kwanza imetoka wapi, kuna watu wanaichimbua msituni.