Kupanga upya tangi la samaki lenye mimea: anza na mchanga, mimea ingoje

Watu wengi wakichoka na vile tangi lao linakaa, kitu cha kwanza wanafanya ni kununua mimea mingine. Mimi nikiitwa kwa mtu hapa Nairobi nimpangie upya, mimea ndio naangalia mwisho kabisa. Kwanza mchanga, alafu mawe, alafu zile sehemu zenye hazina kitu. Kama mchanga umelala flati na mawe yameegemezwa kioo cha nyuma, hata ulete mimea ya bei gani tangi litabaki linakaa kama stoo.

Shida kubwa huwa ni kina, yaani vile tangi linaonekana kwenda mbali nyuma. Chukua tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 45, size ya kawaida tu, hiyo 35 ndio upana wa mbele kwenda nyuma na ni kidogo sana, so lazima jicho lidanganywe. Mbele naacha mchanga sentimita 3, naupandisha nyuma mpaka 10 au 12, na kama kuna njia ya mchanga mtupu inaanza pana mbele na inazidi kuwa nyembamba ikienda nyuma. Lakini mchanga haukai pale umeuweka, samaki wanauchimba, maji yanausukuma, baada ya miezi kadhaa uko flati tena, kwa hivyo ndani ya ule mwinuko mimi huzika vipande vya mawe vimelala kwa upana kuuzuia, hakuna mtu ataviona.

Mawe yawe ya aina moja, na michirizi yake iangalie upande mmoja. Jiwe kubwa lisikae katikati. Wale wanafuata mtindo wa Takashi Amano, Mjapani aliyeishi 1954 hadi 2015 na akafanya watu dunia nzima waanze kuona tangi kama bustani, hutumia uwiano wa 1 kwa 1.618, na kwa tangi la sentimita 80 hiyo inakuja kama sentimita 30 kutoka upande mmoja. Pima na rula kabisa, usikisie. Na usiweke jiwe zito moja kwa moja juu ya kioo, weka kitu laini chini yake. Kabla halijaingia lidondoshee siki, likitoa povu lina chokaa na litafanya maji yawe magumu, yaani yajae madini ya chokaa. Yale mawe meusi ya volkano kwa kawaida hayana hiyo shida.

Sasa maji. Mimi lazima niulize nyumba inatumia maji gani. Maji ya mfereji hapa Nairobi mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, milima ya Aberdare, ni laini na mimea mingi inayapenda, ila yana klorini so lazima uweke dawa ya kuitoa. Maji ya kisima ni hadithi nyingine, mara nyingi yana alkali nyingi, na hapo ndio kupanga upya kunakuwa hatari. Ukichimbua mchanga wa zamani unafumua uchafu wote ulikuwa umelala chini, na huo uchafu unatoa amonia. Kwa maji yenye alkali sehemu kubwa zaidi ya hiyo amonia inakuwa ile inaua samaki. Ukiona mchanga mweusi unanuka yai viza, samaki watoke kwanza waende kwa ndoo yenye maji yao wenyewe, na kifuniko juu sababu wataruka.

Filta nayo isizimwe. Hapa ndio watu wengi huharibu, wanatoa sponji wanaiosha na maji ya mfereji mpaka inang'aa, na klorini inaua bakteria wengi wenye walikuwa wanakula hiyo amonia. Iache izunguke ndani ya ndoo na maji ya tangi. Na kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji hapa yanashika oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa yakiwa na joto sawa, kama karibu moja ya tano imepotea. Stima ikipotea katikati ya kazi, pampu ndogo ya hewa ya betri ndio itakuokoa.

Mimea sasa. Anubiasi na java ferni hamisha vile unataka, hizo hazizikwi, shina lake nene linabaki nje na linafungwa kwa jiwe na uzi wa pamba au tone la supaglu, ukilizika linaoza. Valisneria inavumilia hata maji ya kisima, inakaa nyuma. Kriptokorini ndio ya kuheshimu. Mzee mmoja wa Lang'ata aliniambia, "Fundi, si ung'oe zote tuanze upya." Nikamwambia, "Hizi hapana mzee, tukizisumbua majani yote yatayeyuka." Na ni kweli, yanalainika, yanakuwa kama karatasi imelowa, shina linabaki tupu. Kwake tuliacha zile za kona ya kushoto pale pale na tukapanga mawe kuzizunguka, na kusema ukweli hiyo kona ndio ilitoka poa kuliko zote, sababu ilikuwa tayari imekomaa.

Kama lazima uzihamishe, kata majani ya zamani, zika mizizi, na yakiyeyuka usizing'oe ukidhani zimekufa, mizizi iko hai na majani mapya yanarudi baada ya wiki chache. Wiki mbili za kwanza taa ziwake kwa masaa sita tu kwa siku, vinginevyo mwani utashika kila kitu kabla mimea haijaanza kula. Badilisha maji kidogo kila baada ya siku mbili tatu, na siku ya kwanza samaki wasipewe chakula, hawatakufa njaa.