Slipari elmi ni kitu gani hasa

Wengi wanaikuta slipari elmi imeandikwa kwenye chai za koo au makopo ya virutubisho, wanadhani ni mzizi fulani. Ni gome la mti. Mti wenyewe ni wa mashariki mwa Marekani na kusini mashariki mwa Kanada, jina lake la kisayansi Ulmus rubra, majani yake ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa, na ukibandua gome la nje unakuta la ndani ambalo ukilitafuna linakuwa ute mdomoni, ndo maana wakaliita slipari, yaani la utelezi.

Ute huo ni kama wa bamia au mlenda, na dawa yote iko hapo. Unga wa gome ukiukoroga kwenye maji unavimba, unakuwa kama uji unaoteleza, ukimeza unapaka koo na tumbo, kwa hiyo koo linalowasha linatulia kwa muda na wengine wanautumia kwa kiungulia. Wenyeji wa asili kule kama Wacherokee na Waojibwe walikuwa wanautumia zamani sana, hata kubandika kwenye vidonda. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inaukubali kama kitulizo cha koo, ila kwa magonjwa ya tumbo ushahidi bado ni mdogo, na mtu akikwambia unatibu kansa jamani usimsikilize.

Hata kwenye besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo, uliingia, warushaji walikuwa wanautafuna mate yawe mengi wapake mpira, ujanja huo wa kupaka mate ukapigwa marufuku 1920 ila wachache wakaachiwa waendelee, wa mwisho wao Burleigh Grimes alistaafu 1934.

Sasa hapa naomba uzingatie, ule ute unaopaka tumbo unaweza kuchelewesha dawa nyingine kuingia mwilini, kwa hiyo kama unameza vidonge vya hospitali acha kama masaa mawili katikati. Mjamzito asitumie bila kuongea na daktari, zamani vijiti vya gome hili vilitumika kutoa mimba na wanawake waliumia vibaya.

Na mti nao unaumia. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, chakula cha kutoka kwenye majani hakishuki tena kwenye mizizi na mti unakufa, afu kuna fangasi wa miti ya elmi anayesambazwa na wadudu wa magome naye anaimaliza, ndo maana wavunaji waangalifu wanachukua kwenye matawi tu au kwenye mti ulioshaanguka.