Draivu ikikwambia "imemaliza", bado hujaipima

Hapa Tabora DVD bado zina kazi. Kwaya zinauza zake baada ya ibada, na video ya harusi ya mjukuu lazima icheze kwenye deki ya bibi kule Urambo. Kwa hiyo bado nafunga kwenye kompyuta draivu za kuchomea, yaani vifaa vinavyoandika CD na DVD kwa leza, nyingi za mtumba, na draivu ya mtumba siipokei kwa neno la muuzaji.

Kufunga kwenyewe si kazi. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, sukuma draivu mahali pake, chomeka waya mwembamba wa SATA unaopitisha data na ule mpana wa umeme, kaza skrubu. Zile za zamani za IDE, aina ya muunganisho iliyotangulia SATA, ndizo zenye usumbufu: mkanda mmoja wa waya hubeba vifaa viwili, na jampa (vifuniko vidogo vya kuchagua) za nyuma lazima ziseme kipi ni masta, yaani cha kwanza, na kipi ni slevu, cha pili. Ukiviweka vyote masta, kompyuta huenda isione hata kimoja. Draivu ya nje ya USB ikisoma vizuri lakini inazimika ikianza kuchoma, shuku umeme kwanza. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na leza ikichoma hula kuliko ikisoma. Tafuta waya wenye vichwa viwili vya USB, uchote umeme kwenye matundu mawili.

Wengi hudanganyika kwenye kupima. Wanachoma nyimbo tatu, zinacheza, wanalipa. Diski huandikwa kuanzia ndani kwenda ukingoni, sasa nyimbo tatu zimepima nini? Ukingoni ndiko diski iliyopinda kidogo huyumba zaidi, na ndiko draivu nyingi hufikia kasi yao ya juu. Mimi naijaza yote: CD hadi MB 700, DVD hadi mwisho. (DVD ya GB 4.7 Windows huionyesha kama 4.38 hivi. Hujaibiwa, kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.)

Pima CD na DVD, usiishie kwenye moja. CD hutumia leza ya nanomita 780, DVD ya nanomita 650, na moja inaweza kufa mwenzake akabaki mzima. Draivu inayochoma DVD safi lakini haioni CD kabisa, usihangaike kupiga Windows upya.

Kuna programu zenye kuchoma kwa majaribio, leza ikiwa na nguvu ndogo. Hufaa kwa diski tupu za aina ya CD-R na DVD-R, lakini aina ya DVD+R haina kitu hicho. Kwangu hilo ni jaribio la kompyuta kama inapeleka data kwa kasi inayotakiwa. Leza yenyewe utaijua ikichoma kweli.

Kwa diski za bei rahisi nachagua kasi ya kuchoma ya 8x, siyo 16x. Nikimaliza naamuru programu ilinganishe diski na faili la asili; programu ya ImgBurn inafanya hivyo, na kwenye Linux natumia amri ya sha256sum. Halafu naitoa na kuisoma kwenye mashine nyingine, kwa sababu draivu mbovu inaweza kusoma vizuri ilichokiandika yenyewe na wenzake wakakikataa.

Jambo la mwisho ni kuifunga diski, yaani kuiamuru programu ikamilishe uandishi ("finalize"). Isipofungwa, kompyuta yako inaweza kuisoma bila shida, lakini deki nyingi hazitaitambua. Mteja akirudi na DVD "haichezi", hilo naliangalia kabla sijashika bisibisi.