Marupurupu ya nyumba yalianza na mshahara wa kapera

Ukiwa umeajiriwa Kenya, tazama hati yako ya mshahara. Karibu na mshahara wenyewe utakuta mstari wa marupurupu ya nyumba. Sisi wa makavazi huulizwa mara nyingi kwa nini fedha hizo zikatengwa.

Serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika kuwa kapera, hata awe na mke na watoto watano. Mke alidhaniwa yuko rizavu, eneo walilotengewa Waafrika, analima, analisha watoto na kuuguza wagonjwa. Mume naye nguvu zikimwisha angerudi huko kuzeeka. Mwajiri alilipa posho ya mtu mmoja na mahali pa kulala, basi. Bima na pensheni ilikuwa shamba la mwanamke ambaye jina lake halimo katika daftari lolote la malipo. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai, na baadaye kipande, hati ya utambulisho wa mfanyakazi, kikining'inia shingoni ndani ya kikebe, kikarahisisha kumsaka aliyetoroka.

Hesabu hiyo ilivunjikia Mombasa. Kibarua wa bandari ya Kilindini alilipwa kwa siku. Meli isipotia nanga hakuna ujira, lakini kodi ya chumba mtaani Majengo haikungoja meli. Mwaka 1939 wafanyakazi waligoma, na uchunguzi wa serikali yenyewe ukakiri uhaba wa makazi. Tarehe 13 Januari 1947 waligoma tena, takriban 15,000: wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa majumbani. Kwa siku kumi na mbili walikutana uwanja wa Kiembeni. Jaji Thacker, yuleyule aliyemhukumu Jomo Kenyatta baadaye katika kesi ya Kapenguria, aliongoza baraza lililoongeza malipo. Mwezi Agosti kiongozi wao, Chege Kibachia, akakamatwa na kupelekwa kizuizini Baringo. Kwangu mimi hayo ni mambo ya mkono mmoja: nyongeza kwa wengi, kifungo kwa aliyewapanga.

Ni 1954, katikati ya Hali ya Hatari ya enzi za Mau Mau, ndipo Kamati ya Carpenter, ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika, ilipopendekeza kima cha chini cha mshahara kihesabiwe kwa familia, hatua kwa hatua. Leo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au fedha za kodi juu ya mshahara.

Yule mwanamke wa shambani? NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilipoundwa 1965, michango ilikatwa kwa walioajiriwa.